Mshtakiwa Amenyesha

Jumatatu, 2 Desemba

Mvua ya kwanza ya maana imepiga Mwanjelwa hapa Mbeya leo, na mimi nimeanza daftari hili kwa sababu kuna mambo nayaona na sina wa kumwambia. Gloria yuko chuoni Iringa. Nikimpigia ananijibu, "Mama, wewe kila mtu unamshuku." Sawa. Nitaandika, kisha tutaona nani alikuwa anaona vizuri.

Nianze na Anyitike, fundi cherehani. Steshenari yangu na kibanda chake viko chini ya bati moja, katikati kuna ukuta wa mbao tu. Kwa miaka tisa tumeshikiana maduka. Nikitaka kwenda benki au chooni nilikuwa nasema, "Kaka, nishikie duka," basi, naondoka bila wasiwasi. Asubuhi alikuwa ananisalimia kwa Kihehe changu, "Kamwene," nami namjibu kwa Kinyakyusa chake, "Ugonile," tunacheka. Sasa nafunga kufuli hata nikienda kununua maandazi.

Wiki iliyopita tulikuwa mawakala kwenye uchaguzi wa mtaa, chumba kimoja, mimi wa chama chetu, yeye wa wale. Tumeshinda kwa kura sita. Wakati wa kuhesabu, watu wakiwa wameanza kushangilia, yeye alinyoosha mkono akasema kitu kuhusu kifurushi kimoja cha kura. Kelele zilikuwa nyingi. Nikamwambia, "Tumeshamaliza, usitupotezee muda." Akakataa kusaini fomu. Alichotaka kusema nakijua: kwamba nimeiba. Mimi Yusta, niliyerudisha simu ya mteja iliyosahaulika hapa siku nne, niibe kura!

Kamwene yake sijibu tena.

Jumatano, 4 Desemba

Mwalimu Joachim kaja na kaunta buku nne, yale madaftari makubwa, kwenye mfuko wa mchele. Alinifundisha darasa la tano kule Iringa, kabla hajahamia Mbeya kwa mkewe, na mpaka leo nikimwona najikuta nimesimama wima.

Ameandika riwaya. Presha ya macho inamla, jicho la kushoto halioni kabisa, la kulia linaona vitu vikubwa tu. Ndiyo maana ameandika kwa kalamu nene za rangi, zile za watoto wa chekechea, mistari saba tu kila ukurasa.

"Nataka uichape yote, Yusta. Kisha nisomewe kuanzia mwanzo hadi mwisho nimekaa, kabla ya Pasaka. Nijue kama imesimama."

"Itakuwa tayari, Mwalimu."

"Uchape kama ilivyo. Hata mkato usiongeze."

Nimekubali kwa furaha kabisa. Kisha nikaona kwamba mfuko alikuwa amebebewa na Anyitike. Na kabla ya kuingia kwangu, Mwalimu alikaa kwenye benchi la Anyitike muda mrefu. Nilidhani anasubiri mvua ikatike, lakini ilikatika saa nne na yeye aliingia saa sita. Wana lao jambo.

Ijumaa, 6 Desemba

Nimechapa sura mbili. Mwalimu ana kichwa!

Kuna nchi yenye milima miwili, Juu na Chini. Wanapiga kura kwa kutumbukiza mawe kwenye magunia. Siku moja baada ya kuhesabu, watu wa Chini wanaamka na hawasikii tena sauti za watu wa Juu. Midomo wanaiona inacheza, lakini kinachofika masikioni ni mvua juu ya bati. Na watu wa Juu vilevile kwa wa Chini. Basi mtu wa upande wa pili akianza kuongea, wewe unaanua nguo. Wanawake wanafungua miavuli sokoni jua likiwaka. Wale waliozaliwa na baba wa Juu na mama wa Chini wanasikia pande zote, kwa hiyo kote wanaitwa wapelelezi na hakuna anayewauzia chumvi.

Nimecheka peke yangu mpaka mteja wa kupiga picha pasipoti akaniangalia. Halafu nikaacha kucheka. Chini ndio walioshinda. Chini ni nani?

Jumanne, 10 Desemba

Umeme hakuna. Anyitike kasema Kamwene. Nimejifanya natafuta klipu.

Jumamosi, 14 Desemba

Dastan, katibu wetu wa tawi, kaja kutoa kopi ya barua. Akasimama nyuma yangu akasoma kwenye kompyuta bila hata kuomba.

"Hiki nini, Mama Gloria?"

"Hadithi ya Mwalimu Joachim."

"Mwalimu huyu huyu anayeshinda kwa yule fundi?" Akavuta kiti. "Unajua wale wanatafuta maandishi. Ushahidi. Leo hadithi, kesho utasikia jina lako redioni."

"Ni hadithi tu, Dastan. Watu wanasikia mvua."

"Magunia ya mawe, halafu ni hadithi tu? Dada yangu, wewe ndiye ulikuwa wakala pale, si mimi."

Alikwenda zake. Tangu hapo nasoma kila mstari mara mbili.

Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Gloria hakuja, ana mitihani ya kurudia. Kanisani nilikaa benchi la tatu, Anyitike la nne, nyuma yangu. Tulipoambiwa tupeane amani niligeukia kulia, nikageukia kushoto, nikakaa.

Jumanne, 7 Januari

Mwalimu amesafiri kwenda Iringa, anakaa kwa dada yake karibu na Tosamaganga ili aonwe macho na madaktari wa misheni. Miezi miwili au zaidi. Ameniachia madaftari yote manne. Amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema, "Yapo haya tu, Yusta. Sina nakala." Nilijisikia vibaya kwa mawazo niliyokuwa nayo juu yake. Niliyaacha hadi jioni hivi.

Jumatatu, 13 Januari

Leo nimefanya jambo.

Sura ya tisa ni kesi. Mwanamke wa Juu, Tusekile, ameshtakiwa Chini kwamba anasema kuna gunia halikufunguliwa. Hakimu ni mwanamke wa Chini, mkali, anapenda usafi, anafunga kufuli hata akienda chooni. Soma tena hapo. *Anafunga kufuli hata akienda chooni.* Na anasema, "Tumeshamaliza, usitupotezee muda." Neno kwa neno! Niliinuka nikaenda mlangoni kupata hewa, nikamkuta Anyitike anapiga pasi suruali, anaimba taratibu kama mtu asiye na habari.

Tusekile anapewa nafasi ya kujitetea. Anaongea. Hakimu hasikii chochote, anaangalia dari. Karani anauliza aandike nini, Hakimu anasema, "Andika: mshtakiwa amenyesha kwa dakika ishirini." Kisha Mwalimu anatoa kwa msomaji yale maneno ambayo mahakama nzima haikuyasikia, kurasa tisa za maandishi yake makubwa. Anamtetea huyo mwanamke! Kila mtu Mwanjelwa atakayesoma atajua Hakimu ni nani na Tusekile ni nani.

Sikuyachapa. Nimesoma haraka haraka kwa hasira, nikageuza daftari kifudifudi, nikaandika ya kwangu. Kwenye yangu Tusekile analia na kukiri kwamba gunia walilificha wenyewe ili wapate cha kulalamikia, na anaomba radhi. Nusu ukurasa. Imekaa vizuri sana, hata kiungo hakionekani. Nikaendelea na sura ya kumi kama ilivyo.

Nani atajua? Mwalimu haoni.

Jumanne, 14 Januari

Sikulala vizuri. Ni mbu.

Jumatatu, 20 Januari

Anyitike kaja mlangoni, hakuingia.

"Mama Gloria, bati limetoboka upande wako. Nimeona maji yanashuka kwenye mbao zetu. Nipande nikaliangalie?"

"Upande wangu ni mkavu."

"Kwa sasa. Upepo ukivuma kutoka mlima Loleza utaona." Akaangalia ndani. "Na yale madaftari ya Mwalimu, umeyaweka wapi?"

Ahaa.

"Yako salama," nimemwambia, na nimefunga mlango wa vioo ingawa joto lilikuwa kali. Bati, bati, kumbe shida yake ni madaftari. Anajua kilichomo sura ya tisa, na anataka ushahidi wake. Au anataka kuona kama nimechapa. Dastan alisema kweli.

Jumanne, 21 Januari

Nimeyahamisha. Yalikuwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko chini ya meza. Ndoo kila mtu anaiona. Nimepanda juu ya stuli, nikasukuma kipande cha silingi bodi ya dari juu ya mashine ya kopi, nikayalaza kule juu ndani ya bahasha kubwa ya kaki. Hata mwizi mwenye tochi hatafikiria.

Alhamisi, 30 Januari

Nimemaliza kuchapa sura ya kumi na tano, ya mwisho. Mwisho wa riwaya sitauandika hapa. Nililia kidogo, kisha nikakumbuka nimekasirika.

Jumapili, 9 Februari

Mvua tangu Ijumaa bila kupumua. Barabara ya kwenda kanisani ni tope tupu. Nimebaki nyumbani.

Jumanne, 11 Februari

Nimefungua duka leo baada ya siku tatu. Silingi bodi ilikuwa imetuna kama tumbo la ng'ombe, rangi ya chai. Nikaigusa kwa ufagio ikashuka yote, na maji, na bahasha.

Zile kalamu za rangi za watoto, ambazo ukizigusa kwa kidole kilicholowa zinafutika! Kurasa zote za madaftari yote zimekuwa zambarau na nyeusi, nyingine nyeupe kabisa kama hazijawahi kuguswa. Nilizianika moja moja kwenye kamba ya kuanikia picha, nikawasha feni. Herufi zilikuwa zinaendelea kushuka huku naangalia. Nimepata neno "chumvi" na neno "usiku". Sura ya tisa haina kitu.

Anyitike alisikia kishindo, akaja mbio. Akaona kurasa kwenye kamba. Hakusema, "Nilikwambia." Ningependelea aseme. Alikwenda kwake akarudi na kipande cha bati na nyundo, akapanda juu mvua ikimpiga mgongoni, akaziba tundu. Lilikuwa pale pale alipolionyesha mwezi uliopita. Aliposhuka nilikuwa bado nimeshika ufagio. Sikusema hata ahsante, Mungu anisamehe.

Jumatano, 12 Februari

Nilichonacho kwenye kompyuta ndicho kilichobaki duniani. Sura kumi na nne za Mwalimu, na moja ambayo si yake yote.

Alhamisi, 20 Februari

Nimejaribu kuirudisha. Nina kumbukumbu nzuri, namba za simu za wateja nazijua kwa kichwa. Mwanzo wa kesi niliuchapa, na hata bila kompyuta naukumbuka. Kila alichosema Hakimu nakikumbuka, hadi namna alivyokohoa. Nikafika pale Tusekile anaposimama kujitetea, nikaweka vidole juu ya kibodi.

Hakuna. Kurasa tisa nilizisoma kwa macho yangu haya na hakuna nilichobaki nacho. Nakumbuka nilivyokasirika. Nakumbuka suruali Anyitike aliyokuwa anaipiga pasi, ya kijivu. Alichosema yule mwanamke sikijui. Kila nikijaribu, anaanza kulia na kuomba radhi kama nilivyomwandika mimi.

Jumamosi, 1 Machi

Dastan kauliza kama hadithi imeisha na kama "imekaa sawa". Nimemwambia imekaa sawa. Akanipiga bega akafurahi. Bega hilo nimelisugua mpaka jioni.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Mimi na Anyitike tulikuwa mstari mmoja, yeye mbele yangu. Nilitazama shingo yake tu.

Jumatatu, 17 Machi

Mwalimu kapiga simu kutoka Iringa, kwa simu ya dada yake. Jicho la kulia nalo limegoma. Wamemwambia alichelewa, wanachoweza ni kumpunguzia maumivu. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama mtu anayetoa ratiba ya basi.

"Ila kitabu kipo," akasema.

Nikasema kipo.

Naweza kunyamaza. Nimeliangalia jambo hili kila upande na kweli naweza. Madaftari ni bati, ni mvua, ni kazi ya Mungu. Sura ya tisa ninaweza kuisoma haraka, au kuiruka. Mzee wa miaka sabini na sita hatakumbuka kila ukurasa. Kikichapishwa na kujalidiwa ndicho kitabu chake, jina lake juu, na Tusekile ataomba radhi milele.

Alhamisi, 3 Aprili

Mwalimu amerudi juzi. Leo nimekwenda kwake na karatasi zote, nikaanza kumsomea sebuleni. Alikaa na mikono juu ya magoti, uso umeelekea dirishani. Sura ya kwanza hadi ya nane alikuwa anatikisa kichwa taratibu, mahali pengine anacheka kabla sijafika kwenye kichekesho. Mjukuu wake alituletea uji. Nilisoma kwa saa tatu, na kadiri nilivyokaribia sura ya tisa ndivyo nilivyozidi kusoma polepole.

Nilisoma mpaka "mshtakiwa amenyesha kwa dakika ishirini".

"Endelea, Yusta."

Karatasi ya nusu ukurasa ilikuwa mkononi. Nikaikunja.

Nikamwambia yote. Hakimu, kufuli, hasira yangu, nilichoandika, silingi bodi, tundu la bati nililoambiwa nikakataa kusikia. Nililia vibaya, kamasi na kila kitu, mama wa miaka hamsini na moja mbele ya mwalimu wake wa darasa la tano. Aliniacha nimalize.

"Nisomee ulichoandika wewe."

"Mwalimu, naomba nisi…"

"Soma."

Nikasoma. Usoni alionekana kama mtu aliyekanyagwa mguu. Sijawahi kumwona hivyo, hata siku tulipovunja kioo cha ofisi.

"Umeniumiza," akasema. "Macho ningeweza kuyazoea."

Baadaye sana nikamuuliza kama anaweza kunitamkia maneno ya Tusekile, nichape palepale, hata kama ni usiku kucha.

"Siwezi. Si maneno yangu. Mimi nilikaa benchi la Anyitike kwa siku tatu baada ya uchaguzi, yeye anashona, anaongea, mimi naandika kwenye karatasi za mfuko wa saruji. Kisha nikanakili kwenye kurasa za daftari nilizokuwa nimeziacha wazi. Yale ya Hakimu nimeyatoa kwako, ulikuwa unayasema kwenye simu kwa sauti, ukuta wenyewe wa mbao."

"Kwa hiyo ulikuwa upande wake."

"Yusta!" Alipiga kiti kwa kiganja. "Nilikuwa upande wa benchi. Kwako hakuna benchi, una kaunta na kioo."

Nikaanza kukusanya karatasi.

"Karatasi za saruji mjukuu amewashia moto zamani. Kwa hiyo nenda kayachukue yalipo. Pasaka bado wiki mbili na siku tatu."

Ijumaa, 4 Aprili

Sikwenda. Nilifungua duka, nikafunga. Nilimpita Anyitike mara nne.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo asubuhi Anyitike alisema Kamwene kama kawaida yake, huku anatia uzi kwenye sindano, hategemei kitu.

"Ugonile," nikamjibu.

Uzi ukamponyoka.

Nikamwambia, "Kaka, nina shida." Nikakaa kwenye benchi lake, mara ya kwanza tangu Novemba. Nilileta daftari hili kwa sababu sikuwa na jingine karibu, na ninaandika haya hapa hapa akiwa mbele yangu. Nikamweleza habari ya sura ya tisa. Sikuficha niliyoiandika. Alisikiliza akiwa ameshika goti la suruali ya mtu.

"Sasa unataka niseme nini?"

"Ulichomwambia Mwalimu. Ulichotaka kusema siku ile ya kuhesabu, nilipokukatiza."

Akaniangalia kama ananipima nguo.

"Miezi minne, Mama Gloria."

"Najua."

"Wewe ulifikiri nilitaka kusema nini?"

"Kwamba nimeiba."

Akacheka, lakini hakufurahi. "Mimi? Nikuite wewe mwizi? Nilikuachia duka langu miaka tisa, mke wangu mwenyewe sijawahi kumwachia." Akaweka suruali pembeni. "Darasa lile lilikuwa linavuja, si unakumbuka? Kifurushi cha mwisho kilikaa dirishani, kikalowa. Karatasi ziligandana. Mlihesabu mbili kama moja, tatu kama moja. Nikasema tuzibandue kwanza, tuzianike hata dakika kumi. Basi. Sikujua za nani. Huenda zilikuwa zenu, mngeshinda kwa ishirini. Ndiyo maana sikusaini. Ningesaini nini wakati hatujui?"

Nimeandika hayo yote. Miezi minne nimebeba neno ambalo hakulisema. Nimemjibu kila siku moyoni, nimemshinda kila siku, mtu ambaye alikuwa anazungumzia karatasi mbichi. Na mimi ninayeuza karatasi sikutaka kusikia kwamba zikilowa zinagandana.

"Halafu?" nikamuuliza. "Ziko kurasa tisa. Si hilo tu."

"Si hilo tu," akasema. "Kuna ya baba yangu, alivyotolewa kwenye…"

Mvua ikashuka hapo hapo, bila manyunyu, yote kwa pamoja juu ya bati letu. Mdomo wake ulikuwa unacheza. Niliona mkono wake unaonyesha kimo cha mtoto, kisha unaonyesha mlango. Sikusikia hata neno. Duka langu lilikuwa wazi, kufuli linaning'inia, na mteja alikuwa amesimama kwenye kaunta anagonga kioo kwa sarafu.

Nikasogea mpaka magoti yetu yakakaribia kugusana, nikaweka sikio karibu na mdomo wake.

"Anza tena kwa baba yako, kaka," nikamwambia. "Sijakusikia."